Milimita Tatu za Baba Mkwe

Mmoja wenu ameniandikia kupitia kwa mhariri. Kaniita mchawi. Mwingine kasema angekuwa yeye ndiye mume wangu, ningekuwa nimesharudishwa kwetu na mabegi yangu yote. Barua zote nimezisoma, na siwezi kuwalaumu. Lakini ngojeni kwanza, maana bado hamjasikia kitu.

Kwa aliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, mambo ni haya. Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu. Mume wangu ni fundi bomba, na tunaishi nyumbani kwa baba yake. Baba mkwe ana miaka sabini na mbili, na tangu ujana wake anakusanya vitabu vya katuni. Ana sanduku la bati lenye matoleo arobaini ya jarida moja la katuni lililokufa zamani, la kwanza mpaka la mwisho, yote kayanunua mwenyewe yakiwa mapya.

Chama chao cha wakusanyaji, ambacho yeye ndiye mwenyekiti, kilikuwa kinakuja kuyakagua. Yakipita, anapewa cheti cha mkono mmoja, yaani mkusanyo kamili ambao haujawahi kumilikiwa na mtu mwingine. Hakuna aliyewahi kukipata.

Mimi nikataka kumfurahisha. Nikalichukua toleo la kwanza bila kumwambia, nikalipeleka kazini, nikalipitisha kwenye mashine ya kukatia karatasi. Pande tatu, milimita tatu kila upande.

Lilikuwa limechakaa, jamani! Ukingo umechanikachanika kama umetafunwa na panya. Fundi jalada akiona ukingo wa namna ile, mkono unamwasha. Wiki iliyopita niliwaachia pale nilipolirudisha sandukuni nikakuta ni fupi kuliko wenzake. Twende sasa.

Ufupi haukuwa shida peke yake. Karatasi ya zamani ukingoni huwa ya kahawia, ndani ndiyo hubaki na weupe kidogo. Ukingo wangu mpya ulikuwa mweupe pee. Hata mtoto angeuona.

Nikachemsha chai isiyo na maziwa, nzito. Nikachovya pamba, nikaupaka ule ukingo taratibu, nikauanika mbele ya feni. Baada ya saa moja ulikuwa na rangi ileile ya wenzake. Nikajipongeza. Hilo nalo niliandike, kwa kuwa nimeahidi kusema yote. Nilisimama mbele ya feni nikajiambia, mwanamke una mikono ya dhahabu wewe.

Kisha nikafungua toleo la pili ili nilinganishe rangi. Juu kabisa, kwenye kona, kulikuwa na namba ndogo ya penseli. Kumi na saba.

Toleo la tatu, kumi na saba. La nne, kumi na saba. Nikayafunua yote arobaini. Yote yalikuwa na kumi na saba yake isipokuwa moja.

Hapo ndipo nilipokumbuka somo.

Wengi mmeniuliza mtu anaanzaje kukusanya katuni za zamani. Niulizeni mimi, niliyefundishwa na bingwa nikavunja kila alichonifundisha. Baba mkwe alikuwa akinikalisha sebuleni Jumapili, ananipa kitabu, anasema, "Kwanza nusa. Ukisikia harufu ya uvundo, kimekaa penye unyevu. Kirudishe kwa mwenyewe."

Halafu pini. "Pini yenye kutu kidogo haina neno, ni umri. Lakini kitabu kikiwa kizee na pini inang'aa, ujue kuna mtu kakifungua. Muulize alikuwa anatafuta nini."

Hesabu kurasa. Angalia ukurasa wa nyuma kama kuponi ya mashindano imekatwa, maana watoto wa siku zile hawakuacha kuponi hata moja. Pitisha kidole mgongoni usikie mikunjo. Mwangaza wa dirisha ni bora kuliko taa. Na ukikinunua usikisafishe, usikitie gundi, usikibandike karatasi ya plastiki, usikikate hata unywele.

"Hata kikiwa kibaya?" nilimuuliza.

"Kikiwa kibaya, ni ubaya wake," akasema. "Hali ya kitabu ni nusu tu, mwanangu. Nusu nyingine ni kimetoka wapi. Nani alikuwa nacho, na kabla yake nani. Asiyeweza kukuambia hayo, anakuuzia karatasi."

Ndipo akaniambia habari za yule muuzaji wa magazeti wa ujana wake. Alikuwa anawawekea nakala wateja wake wa kila wiki, na kila nakala anaiandikia namba ya mteja juu kwa penseli. Baba alikuwa kumi na saba. "Hiyo penseli ndiyo hati yangu," alisema. "Wengine wana hati za nyumba."

Mimi hati hiyo niliikata nikaifagia. Nilikimbilia kwenye gunia la vipande kazini, nikakuta lori la makaratasi chakavu limeshapita.

Ningesema siku ileile. Nawaapia nilirudi nyumbani nimedhamiria kusema. Nikamkuta Baba ananyoosha shati la siku ya ukaguzi kwa pasi, anaimba. Nikasema kesho. Kesho yake nikasema kesho.

Jumamosi chama kikaja. Walikuwa watatu, na mkaguzi wao ni mzee mmoja fundi saa wanayemwita Lenzi, kwa ajili ya kile kioo cha kukuzia anachokivaa shingoni mchana kutwa. Wakakaa mezani. Mimi nikawa nagawa chai.

Baba akalitoa toleo la kwanza kwa mikono miwili.

"Hili," akasema, "nililinunua asubuhi ya siku lilipotoka. Mvua inanyesha. Muuzaji alikuwa kaliweka ndani ya koti lake lisilowe. Akaniambia, kumi na saba, wewe ndiye wa kwanza leo."

Lenzi akalipokea. Akalinusa. Akaangalia pini, akahesabu kurasa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akatoa rula ya chuma mfukoni.

Akapima. Akapima tena. Akalichukua toleo la pili akaliweka juu yake.

"Mwenyekiti, hili fupi."

"Fupi kwa nani?" Baba akacheka. "Wewe mwenyewe mfupi na hatujakukataa."

Wote wakacheka. Lenzi hakucheka.

"Limekatwa, Mwenyekiti. Pande tatu."

Baba akaacha kucheka. "Lete." Akalitazama. "Nani kalikata?"

"Sijui. Lakini si jana wala juzi." Lenzi alikuwa na kioo jichoni, kainamia ule ukingo wangu wa chai. "Angalia rangi hii. Ukingo uliokatwa ukifikia rangi hii, umeshamaliza miaka thelathini, arobaini. Na wewe hukati vitabu, kwa hiyo hili lilikatwa kabla halijafika kwako."

"Limefika kwangu kutoka kwenye koti la muuzaji."

"Namba yako iko wapi?"

Baba akapeleka kidole kwenye kona. Kidole kikatafuta. Kikaenda kona ya pili, kikarudi.

"Ilikuwepo," akasema.

"Ilikuwepo lini?"

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake na birika mkononi.

Nilitegemea wagombane. Baba mkwe si mtu wa kuonewa. Nilishamwona akimtoa mtu kwenye chama kwa kosa la kusema uongo juu ya kitabu kimoja. Nilijua atapiga meza, atamfukuza Lenzi, na katika zile kelele mimi nitapata pa kujificha. Hakupiga meza. Alilitazama lile toleo, halafu akauliza kwa sauti ndogo kabisa.

"Sasa hili mimi nililinunua wapi?"

Lenzi akavua kioo jichoni. Si mtu mbaya, Lenzi. Alimwekea mkono begani.

"Miaka hamsini ni mingi, Mwenyekiti. Labda lako lilipotea, ukapata jingine mahali, ukasahau."

"Nikasahau," Baba akasema.

"Inatokea."

"Lakini nakumbuka mvua."

"Inatokea," Lenzi akarudia.

Mume wangu akanitazama kana kwamba anasema, sema chochote umchangamshe mzee. Ilikuwa nafasi yangu. Mdomo ukafunguka, ulimi ukanyanyuka. Nikasema, "Niwaongezee chai?"

Walipoondoka, Baba akatueleza kitu ambacho hata mume wangu alikuwa anakijua nusunusu. Kaka yake mkubwa alikufa akiwa hamjui mtu. Alianza kwa vitu vidogo. Akawa anasimulia safari ambazo hakusafiri, na anazisimulia vizuri, na mvua, na jina la dereva. Mwisho wake alikuwa anamwamkia mke wake kama mgeni.

"Kaka alianza hivihivi," Baba akasema. "Tulikuwa tunamcheka."

"Baba, ni kitabu tu," mume wangu akasema.

"Si kitabu. Ingekuwa kitabu ningekitupa."

Jumatatu akaandika barua ya kuacha uenyekiti. Jumanne akaacha kutembea peke yake, eti asije akapotea. Akabandika vikaratasi: hapa sukari, hapa ufunguo, dawa ya meno hii. Mtu ambaye ukimtajia toleo lolote kati ya yale arobaini anakuambia lilitoka mwezi gani na nani alikuwa kwenye jalada!

Kisha akanijia mimi na daftari.

"Nataka uniulize maswali kila asubuhi kabla hujaenda kazini," akasema. "Leo siku gani. Jana nilivaa nini. Mama yangu alikuwa anatoka kwa nani. Nikipata, weka alama ya vyema. Nikikosa, weka ya kosa. Nataka nione naanguka kwa kasi gani."

"Kwa nini usimpe mwanao, Baba?"

"Mwanangu atanidanganya. Ananihurumia. Wewe hutanidanganya."

Haya. Mimi wa kutodanganya nikalipokea lile daftari.

Siku kumi na nane nilimuuliza. Siku kumi na saba alipata yote. Nilikuwa naweka alama ya vyema, namwambia, "Baba, wewe mzima kabisa," naye anatabasamu kama mgonjwa anayepewa moyo, anasema, "Kaka naye alikuwa na siku nzuri."

Jumatano moja alikosea. Alisema ni Alhamisi. Nani hajawahi kusema Jumatano ni Alhamisi? Mimi mwenyewe wiki ile nilikosea mara mbili. Lakini yeye akafunika uso kwa mikono yote miwili, akalia. Mzee yule, sijawahi kumwona akilia hata kwenye mazishi ya mke wake.

Na mimi nikaweka alama ya kosa.

Nimeona aibu nyingi maishani mwangu, baadhi yake mnazijua. Ile alama ya kosa ndiyo nikiikumbuka nafumba macho hata nikiwa njiani.

Jioni ile Baba akamwita mwanawe. "Kaka alitutesa miaka sita," akasema. "Mimi sitawatesa. Nitafutieni mahali wanapotunza wazee, niende nikiwa bado najua kwamba nakwenda."

Mume wangu akakataa. Baba akasisitiza. Wakabishana siku tatu, na katika siku hizo tatu mimi nilipika, nikafua, nikapiga pasi, nikafanya kila kitu kinachofanywa kwa mdomo uliofungwa. Mwisho mume wangu akashindwa. Chumba kikapatikana. Aende Jumatatu.

Jumamosi saa nne asubuhi nikamkuta chumbani anakunja mashati. Mume wangu alikuwa kachuchumaa anafunga mkanda wa begi, macho mekundu. Sanduku la bati lilikuwa mlangoni. Lenzi angekuja kulichukua, Baba kaamua kukiachia chama.

Miguu ikanitangulia. Nikajikuta nimepiga magoti.

"Baba, ni mimi. Nililikata mimi."

Akageuka. "Umekata nini?"

"Toleo la kwanza. Nililipeleka kazini nikalikata kwa mashine. Nilitaka liwe safi. Namba yako ilikuwepo, nimeikata mimi. Ule ukingo nimeupaka chai. Hujasahau kitu, Baba. Hujasahau kitu chochote."

Nikangoja anipige. Ningefurahi angenipiga.

Akainama, akanishika mikono, akaninyanyua.

"Usifanye hivyo, mwanangu," akasema.

"Baba, ni kweli!"

"Najua unanipenda. Lakini usijibebeshe kosa ili mimi nipate usingizi." Akamgeukia mwanawe. "Umemsikia mkeo? Umeoa mtu."

Mume wangu akaja akanikumbatia. Alikuwa analia. "Asante, mke wangu," akaninong'oneza. "Asante kwa kujaribu."

Jamani! Nilikuwa nimesema uongo wiki tatu ukapokelewa. Nasema kweli siku moja, napewa asante.

"Lenzi alisema ukingo ule ni wa miaka thelathini," Baba akaendelea kwa upole, kama anamwelewesha mtoto. "Yule mtu anatazama kingo za vitabu tangu wewe hujazaliwa. Chai haiwezi kumdanganya."

"Ilimdanganya."

"Haiwezi."

"Nikuoneshe?" Nikapiga kelele. Sijawahi kumpigia kelele baba mkwe. "Twende kazini nikuoneshe! Nitachukua jarida lolote la zamani, nitalikata, nitalipaka, utaona!"

Kuna kitu kilipita usoni mwake. Akaliacha lile shati kitandani.

"Jarida lolote halifai," akasema polepole. "Karatasi hazifanani, kila moja inanywa rangi kwa namna yake. Yale mawili ya mwanzo tu ndiyo yalichapwa kwa karatasi ile. Kuanzia la tatu walibadilisha."

Akaenda mlangoni, akafungua sanduku, akatoa toleo la kwanza, kisha la pili. Akalifuta kwa kiganja.

"Twende," akasema.

Kazini kwetu Jumamosi hufungwa, ila ufunguo ninao. Mume wangu alituendesha kwa gari lake la kazi, mabomba yanagongana nyuma. Nikafungua madirisha mwanga uingie. Nikaweka birika kwenye jiko la umeme.

Nikaliweka toleo la pili kwenye mashine. Nikazungusha gurudumu la kubana mpaka likashika. Namba kumi na saba ilikuwa imebaki nje ya kibanio, juu kabisa, penseli nyepesi.

"Baba," nikasema, "nikilikata hili, halirudi."

"Najua."

"Utakuwa umepoteza mawili."

"Mwanangu," akasema, "kama unasema kweli, nimepata kichwa changu. Kata."

Nikavuta mkono wa mashine. Kisu kikashuka, karatasi ikalia kile kilio chake kifupi. Ujiti mwembamba wa karatasi ukaanguka mezani. Baba akauokota, akauweka kwenye kiganja.

Nikakata upande wa pili, nikakata wa tatu. Nikamimina chai kwenye kibakuli, nikachovya pamba, nikapaka vilevile nilivyopaka siku ile. Mikono ilikuwa inajua kazi kuliko mimi. Nikawasha feni. Tukakaa saa nzima, watu watatu kwenye viti vya mbao, tunatazama kitabu kinakauka.

Baba akavipeleka vyote viwili dirishani. Kimoja huku, kingine huku. Akaviinua usawa wa macho. Akavigeuza. Akanusa kimoja, akanusa kingine, muda mrefu.

Vililingana.

"Hii mvua," akasema. Akaanza upya. "Ile mvua ilinyesha kweli."

"Ilinyesha, Baba."

"Alikuwa kaliweka ndani ya koti."

"Ndiyo, Baba."

Akacheka! Akacheka mpaka akashika ukuta. Akamwita mwanawe kwa jina la utotoni, akamkumbatia, akampiga mgongoni. "Mimi mzima! Wewe, mimi mzima! Leo Jumamosi, jana Ijumaa, mama yangu alikuwa binti wa seremala!" Akanikumbatia na mimi. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka kwa kicheko, na mimi nikaanza kucheka huku nalia, nikadhani yamekwisha.

Kisha nikasikia kicheko kinapungua. Mikono yake ikaniachia.

Akarudi nyuma hatua moja, akanitazama. Akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa lile daftari. Alikuwa analibeba kila aendako. Akafunua kurasa mpaka akafika anapopataka, akanigeuzia.

"Jumatano hii," akasema. "Niliyolia. Uliponiwekea alama hii, ulikuwa unajua?"

Mume wangu akasema, "Baba, twende nyumbani kwanza."

"Sijakuuliza wewe."

Pamba bado ilikuwa mkononi mwangu, inadondosha chai sakafuni. Ningeweza kusema nilichanganyikiwa. Ningeweza kusema niliogopa, na ingekuwa kweli, lakini sicho alichouliza.

"Nilikuwa najua, Baba."

Akatikisa kichwa taratibu. Mume wangu alikuwa ananitazama kama anajaribu kukumbuka aliwahi kuniona wapi.

"Mwanangu wa kumzaa nilimwogopa atanihurumia," Baba akasema. "Wewe nikakuamini."

Akaviacha vitabu vyote viwili pale mezani, hata hakuvifunika. Akachukua kofia yake akaelekea mlangoni.

"Baba, ngoja, nawasha gari!" mume wangu akamkimbilia.

Mzee akamzuia kwa kiganja. Wiki tatu nzima alikuwa hajavuka hata barabara peke yake.

"Njia naijua," akasema.

Tukasimama mlangoni tukimtazama anashuka barabarani, mgongo umenyooka, hatazami nyuma. Akafika penye duka la vioo, akakata kushoto, ndiko nyumbani. Ilikuwa saa nane mchana. Kutoka kazini kwetu mpaka nyumbani ni mwendo wa dakika ishirini, na kwa mzee weka nusu saa.

Tulipofika, begi lake lilikuwa kitandani, mkanda haujafungwa, na lile shati juu yake. Tukangoja. Saa tisa mume wangu akazunguka mitaa yote kwa gari. Saa kumi akampigia Lenzi, Lenzi akasema hajamwona, akauliza kuna nini, mume wangu akanipa simu mimi nijibu.

Saa kumi na mbili jioni alikuwa hajafika.